Nuhu Mbogo: Mwana wa Mfalme Aliyeacha Kiti ili Watu Wake Wabaki

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika kila kizazi Mwenyezi Mungu huwajaalia waja wake mtu mmoja wa kuwabebea mzigo wao siku ya dhiki. Mtu huyo aghalabu si mshindi wa vita, wala si mwenye mali nyingi kuliko wenziwe. Huenda akawa ni yule aliyeshindwa, akapokonywa, akahamishwa kwao, na juu ya hayo yote akasubiri mpaka watu wake wakapata pahali pa kuweka msala. Katika nchi ya Uganda mtu huyo alikuwa Nuhu Kyabasinga Mbogo, mwana wa Kabaka Suuna wa Pili na ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Yafaa vijana wa Kiislamu wayajue maisha yake, kwa kuwa wengi wanalisikia jina lake hali hawajui alilolifanya. Na wengine wanalijua alilolifanya lakini wanamlaumu kwa hilo.

MWANZO WA UISLAMU KATIKA JUMBA LA KABAKA

Uislamu uliingia Buganda zamani kuliko dini nyingine zote za kitabu. Mnamo mwaka 1844 mfanya biashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika mbele ya Kabaka Suuna akitokea pwani kwa njia ya Karagwe. Siku hizo amri ya kuua watu ilikuwa nyepesi mdomoni mwa mfalme kama salamu. Ahmed alithubutu kumwambia Suuna ya kuwa watu wale anaowaua wameumbwa na Mungu, na mfalme mwenyewe pia ameumbwa na Mungu huyo huyo. Neno lile lilimshangaza Suuna, lakini halikumkasirisha. Bali alitaka kusikia zaidi. Hiyo ndiyo mbegu ya kwanza.

Suuna alikufa mwaka 1856, akarithiwa na mwanawe Mutesa. Mutesa aliipenda elimu ya wageni wa pwani. Alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, na tangu mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi, akaamrisha misikiti ijengwe na watu waswali. Katika siku hizo ndipo Mbogo, ndugu yake mfalme, alipoingia katika Uislamu pamoja na vijana wengi wa jumba.

Lakini Mutesa mwenyewe hakutahiriwa. Vijana walioshika dini kwa nguvu wakakataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, ijapokuwa imamu huyo ni mfalme. Wakakataa pia kula nyama ya jumba iliyochinjwa na mtu asiye Mwislamu. Mfalme akaona ya kuwa amri yake imepata mpinzani. Mwaka 1876 akawakamata, na kadiri ya vijana sabini wakauawa kwa moto huko Namugongo. Hao ndio mashahidi wa kwanza wa dini katika Buganda, na damu yao ilimwagika miaka kumi kabla ya wale wa Kikristo waliouawa pahali hapo hapo katika mwaka 1886.

Mbogo alisalimika. Yafaa kukumbuka pia jinsi ilivyokuwa hatari katika Buganda kuwa ndugu wa mfalme. Wana wa wafalme waliwekwa chini ya ulinzi, kwa kuwa kila mmoja wao angeweza kuinuliwa na waasi siku yo yote. Mtu aliyekulia katika hali hiyo hujifunza mambo mawili: kunyamaza, na kungoja. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa silaha zake.

MIAKA YA VITA

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Dini zilikuwa tatu sasa, kwani wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika mwaka 1877 na Mapadri Weupe wa Kifaransa mwaka 1879. Kila dini ilikuwa na vijana wake katika jumba, na kila kijana alikuwa na bunduki. Mwanga akawaogopa wote. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo wakaungana, wakamwondoa katika kiti, wakamweka ndugu yake Kiwewa. Mwezi uliofuata muungano ule ukavunjika. Waislamu wakawafukuza Wakristo, na Kiwewa alipokataa kutahiriwa wakamweka Kalema.

Kalema alikubali tohara, akaitwa Rashid. Basi kwa muda wa mwaka mmoja Buganda ilitawaliwa na mfalme Mwislamu. Lakini lazima kweli isemwe, kwa kuwa historia isiyosema kweli haimfundishi mtu. Utawala ule haukuwa wa uadilifu. Kalema, kwa kuogopa kupinduliwa, aliwateketeza wana wa wafalme, wake kwa waume, watu wa nyumba yake mwenyewe. Tendo hilo halikuamrishwa na Kurani wala Sunna. Lilitoka katika hofu ya kiti. Mbogo aliyaona hayo kwa macho yake, na mtu aliyeona damu ya jamaa zake ikimwagwa kwa ajili ya kiti hawezi tena kukitazama kiti kile kwa jicho lile lile.

Mwezi wa Oktoba 1889 Mwanga alirudi kwa nguvu za Wakristo. Waislamu wakashindwa, wakarudi, wakashinda kidogo, kisha mwezi wa Februari 1890 wakaondolewa kabisa katika mji mkuu. Wakakimbilia mpaka wa Bunyoro, ambako Kabarega, mfalme wa nchi ile, aliwapa msaada. Huko Kalema akafa kwa ndui. Watu wakatafuta wa kumweka, wakamwona Mbogo: mtu mzima, Mwislamu wa siku nyingi, mwana wa Suuna. Wakamfanya mfalme wao katika kambi ya wakimbizi.

Ufalme gani huo? Haukuwa na mji, wala mashamba, wala ushuru. Ulikuwa na watu wenye njaa, wake na watoto, bunduki chache na tumaini la kurudi kwao. Mwezi wa Mei 1891 walipigana na jeshi la Mwanga likisaidiwa na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, wakashindwa tena.

UAMUZI WA MWAKA 1892

Mwezi wa Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao katika kilima cha Mengo. Lugard, aliyekuwa na ngome yake katika kilima cha Kampala, aliwasaidia Waprotestanti kwa mizinga, na Wakatoliki wakashindwa. Ndipo alipoona ya kuwa hawezi kuitawala nchi akiwa na adui kila upande, akapeleka ujumbe kwa Waislamu kutaka suluhu. Sharti lake kubwa lilikuwa moja: katika Buganda hapawi na wafalme wawili. Mbogo aje Kampala, aache madai yake ya kiti. Watu wake nao watapewa nchi ya kukaa.

Ujumbe ule ulipofika kambini, mioyo iligawanyika. Kumtoa mfalme wao na kumtia mikononi mwa Mzungu kulikuwa kama kutoa moyo katika mwili. Nani angedhamini ya kuwa hatauawa? Na akisha kwenda, watu watakuwa na nini tena cha kudai? Katikati ya mashaka hayo alisimama Selim Bey, mkuu wa askari wa Kinubi ambao Lugard alikuwa amewaleta kutoka kando ya Ziwa Albert. Yeye alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo, aliyeheshimiwa na pande zote mbili. Selim Bey akaenda, akasema na Mbogo, akachukua dhamana ya usalama wake.

Mbogo akakubali. Akaiacha kambi aliyokuwa mfalme ndani yake, akaenda Kampala kukaa karibu na ngome ya mtu aliyempiga vitani mwaka mmoja kabla yake. Alipokutana na Mwanga, mwana wa ndugu yake, wale wawili walishikana mikono wakafurahiana kwa muda mrefu, kana kwamba miaka minne ya vita haikupita baina yao. Lugard mwenyewe aliyaona hayo, akayaandika.

Watu wake wakapewa masaza matatu, nayo ni Busujju, Gomba na Butambala. Yalikuwa madogo yakilinganishwa na nchi walizozipata wengine. Lakini watoto walilala chini ya paa, na mahindi na migomba ikapandwa. Wahenga walisema: nusu shari kuliko shari kamili.

KUHAMISHWA

Suluhu ile haikukaa. Mapema katika mwaka 1893 Sir Gerald Portal alifika kwa niaba ya serikali ya Kiingereza, akawaongezea Wakatoliki nchi. Waislamu nao wakaomba kuongezewa, wakanyimwa. Wakaona uchungu; na walipotakiwa kufanya kazi za jumba chini ya Katikiro, waziri mkuu ambaye ni Mprotestanti, wakakataa. Portal alipokwisha kuondoka, kazi ikashikwa na Kapteni Macdonald. Mwezi wa Juni 1893 Selim Bey, aliyekuwa amedhamini suluhu, alitoa onyo ya kuwa askari zake hawataona vema Waislamu wakipigwa. Neno hilo likahesabiwa kuwa ni uasi. Wanubi wa Kampala wakanyang'anywa silaha, Selim Bey akakamatwa, akapelekwa pwani naye hali ni mgonjwa. Akafa njiani, huko Naivasha. Mwenyezi Mungu amrehemu. Waislamu wa Buganda wakapigwa, wakatawanyika. Na katika masaza matatu wakapokonywa mawili, wakaachiwa Butambala peke yake.

Na Mbogo je? Hakukimbia pamoja na jeshi, wala hakujiweka mbele yake. Alijitoa mwenyewe mikononi mwa Macdonald. Juu ya hayo hakuachwa, kwa kuwa jina lake peke yake lilitosha kuwa bendera ya watu. Akapelekwa Unguja, akakaa huko mpaka mwaka 1895.

Unguja ya siku hizo ilikuwa kituo cha elimu ya dini katika Afrika Mashariki, yenye misikiti mingi na masheikh mashuhuri. Kwa mtu aliyezaliwa katika nchi ambayo Uislamu ulikuwa na umri wa miaka hamsini tu, kuishi katika mji ambao adhana inasikika kila upande hakukuwa jambo dogo. Lakini mgeni ni mgeni. Mwana wa Suuna alikaa ng'ambo ya bahari, hali watu wake wanahesabiwa kuwa ndio wa mwisho katika nchi yao wenyewe.

JARIBU LA MWAKA 1897

Miaka miwili baada ya kurudi kwake lilitokea jaribu kubwa zaidi. Mwezi wa Julai 1897 Mwanga alitoroka Mengo, akaasi. Kiti akakalishwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga wa mwaka mmoja. Mwezi wa Septemba askari wa Kinubi, waliochoka kwa safari zisizokwisha na mishahara midogo iliyochelewa, wakaasi nao. Na mwezi wa Oktoba wakaishika ngome ya Luba huko Busoga, wakawaua maofisa watatu wa Kiingereza, miongoni mwao Major Thruston.

Askari hao walikuwa Waislamu. Bunduki zao zilikuwa bora kuliko za wote katika nchi. Kabaka alikuwa mtoto mchanga, Mwanga ni mkimbizi, na Mbogo, mwana wa Suuna, yumo mjini. Walikuwamo miongoni mwa waasi waliomtaka Mbogo awe mfalme. Mtu mwenye tamaa angesema: saa imefika. Mbogo hakusema hivyo. Hakujiunga nao, na Waislamu wa Buganda waliomfuata wakatulia. Uasi ulizimwa katika mwaka uliofuata, kwa damu nyingi. Na kama Waislamu wa Buganda wangaliingia ndani yake, hata Butambala isingalibaki.

Hapo ndipo unapopimwa uzito wa mtu huyu. Mwaka 1892 aliacha kiti kwa kuwa alishindwa. Na mtu aliyeshindwa hasifiwi sana kwa kuacha kitu asichoweza kukishika. Lakini mwaka 1897 kiti kilimjia chenyewe mpaka mlangoni, naye akafunga mlango.

MAPATANO YA 1900

Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston aliweka mapatano na wakubwa wa Buganda. Nchi iligawanywa kuwa masaza ishirini, na ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba. Kabaka alipewa maili 350. Machifu na watu wakubwa elfu moja walipewa maili 8,000. Misioni tatu za Kikristo zilipewa maili 92. Mbogo alipewa maili 24, kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti ya kuwa madai yake mengine yote ameyaacha. Jina lake limo miongoni mwa waliotia sahihi.

Katika masaza ishirini, moja tu ndilo lililokuwa la Waislamu, nalo ni Butambala. Katika mawaziri watatu wa Kabaka, Mwislamu hakuwamo hata mmoja. Na shule zote za mafunzo ya kisasa zilikuwa mikononi mwa misioni, ambamo mtoto akiingia alihofiwa kutoka na jina lingine. Baba Mwislamu akawa na njia mbili: ampeleke mtoto shule ahofie dini yake, au amweke nyumbani ahofie ujinga wake. Wengi walichagua nyumbani. Kwa hiyo makarani, waalimu na waganga wa kizazi kile walitoka kwa wengine. Waislamu wakawa wachinjaji wa nyama, madereva na wachuuzi. Kazi hizo ni za halali na zina heshima yake, lakini hazikuwapeleka watu katika baraza la kutunga sheria.

JE, ALIFANYA SAWA?

Wako wanaosema ya kuwa Mbogo aliuza haki kubwa kwa bei ndogo. Wanasema: maili 24 kwa watu waliowahi kuitawala nchi nzima ni sadaka, si haki. Neno hilo lina uzito, wala haifai kulipuuza. Ni kweli ya kuwa Waislamu walidhulumiwa katika mgawanyo ule. Ni kweli pia ya kuwa pauni 250 zilikuwa za mtu mmoja, na umaskini ulikuwa wa watu wengi.

Lakini anayetaka kupima uamuzi wa mtu sharti apime na njia nyingine zilizokuwa mbele yake. Kalema alikishika kiti kwa nguvu, akafa kambini. Mwanga alishikilia, akaacha, akashikilia tena. Mwisho wake akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabarega, akahamishiwa Visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Selim Bey alisema neno moja la ukali, akafia njiani. Wanubi wa Luba waliinua silaha, wakaangamia. Katika wote hao, Mbogo peke yake ndiye aliyewaachia watu wake ardhi yenye mipaka iliyoandikwa, na uongozi uliotambulikana na serikali. Hakuwapatia walichostahili, aliwapatia msingi. Na msingi ni kitu ambacho wajukuu waweza kujenga juu yake.

Tena alifanya jambo ambalo haliandikwi katika mapatano: aliwaweka Waislamu pamoja. Muda wote alipokuwa hai, palikuwa na mtu mmoja ambaye neno lake lilimaliza ugomvi. Alipofariki mwaka 1921, haukupita muda ila Waislamu wakagawanyika juu ya sala ya Ijumaa: wako walioswali Ijumaa peke yake, na wako walioswali na Adhuhuri baada yake. Mgawanyiko huo uliendelea miaka mingi, ukaingia katika misikiti, katika ndoa, na hata katika mazishi. Ndipo watu walipotambua ukubwa wa pengo.

ALICHOKIACHA

Mbogo alimwacha mwana mdogo, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907. Mwana huyo alipokua alitoa ardhi ya urithi wake katika kilima cha Kibuli, wakajengwa juu yake msikiti na shule, na baadaye hospitali. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941, na jengo likamalizika mwaka 1951. Mtoto Mwislamu akapata shule ya kujifunza hesabu na Kiingereza bila ya kuulizwa jina lake ni nani. Basi jeraha lile la mwaka 1900 likaanza kupona, na dawa yake ilitoka katika ardhi ile ile iliyosemwa kuwa ni ndogo. Badru Kakungulu naye aliwatumikia Waislamu mpaka kufa kwake mwaka 1991. Butambala, saza lile lililobakizwa, likawa wilaya kamili mwaka 2010.

Na kilima cha Kampala, palipokuwa na ngome ya Lugard, kina habari yake pia. Hapo ndipo Mbogo alipokuja mwaka 1892 bila ya taji, akiyatazama majeshi na mizinga ya wageni. Juu ya kilima hicho leo umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda, uliofunguliwa mwaka 2008, na mnara wake unaonekana kutoka kila upande wa mji.

Vijana wa Kiislamu wanaotaka kuingia katika siasa wayatie akilini maisha haya. Uongozi ni amana, wala si kiti. Mwenye kiti hukiacha siku moja, kwa kupenda au kwa kifo; lakini amana huulizwa Siku ya Kiyama. Na ye yote apitaye Kibuli, akasikia watoto wakisoma, amwombee rehema Nuhu Mbogo, kwani alikubali kuitwa mdogo ili wao wasipotee.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amweke pahali pema pamoja na waja wake waliosubiri. Amin.